Kutafuta na kuficha bweta kwa GPS, Unguja na Pemba: mwongozo unaoanza na hodi

Mchezo wenyewe unaitwa jiokachingi. Mtu anaficha bweta dogo pahala fulani, anapima pahala hapo kwa GPS, anatangaza namba zake mtandaoni, na mwengine anakwenda kulitafuta. Akilipata anaandika jina lake katika kidaftari kilichomo, anabadilishana kitu akipenda, kisha analirudisha lilivyokuwa.

Ulianza Marekani mwaka 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei serikali ya huko iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na mashine zilizokuwa zikikosea hata mita 100 zikawa zinakosea mita chache tu. Siku iliyofuata Dave Ulmer akaweka ndoo kando ya njia karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani alitia vitabu, kanda za video, programu ya ramani, chakula, fedha na manati. Sharti lake lilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu.

Visiwani kwetu mchezo huu nauona mikononi mwa wageni wenye likizo ya wiki moja na vijana wetu wenye simu. Kusoma namba wanajifunza haraka. Adabu ndiyo inayochelewa, na adabu yake hapa haihitaji kubuniwa upya, maana kila mtoto wa Kizanzibari amefunzwa kusimama mlangoni akapiga hodi.

1. Iweke sawa mashine kabla hujatoka nyumbani

Simu inatosha kwa kuanzia. Ukiwa na uwezo, mashine ya GPS ya mkononi ni bora: nyingi zinatumia betri mbili ndogo za AA ambazo hata duka la shamba linazo, haziogopi manyunyu, na kioo chake kinasomeka juani. Yoyote utakayotumia, ingia kwenye mipangilio uhakikishe mambo mawili.

La kwanza ni mfumo wa vipimo, nao uwe WGS 84. Ramani nyingi za karatasi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na ukiichanganya mifumo hii utakosea kwa karibu mita 300. Ndani ya Mji Mkongwe, mita 300 ni mtaa mwengine kabisa.

La pili ni namna ya kuandika namba. Mchezo huu hutumia digrii na dakika zenye nukta, hivi: S 06° 09.720' E 039° 11.400'. Ramani za simu mara nyingi huandika digrii zenye nukta, hivi: -6.1620, 39.1900. Pahala ni pamoja, maeneo ya Ngome Kongwe. Kubadilisha si kazi ngumu: chukua kilichobaki baada ya nukta, kizidishe kwa 60. 0.1620 mara 60 ni 9.720. Nimewahi kumuona kijana aliyesoma 6.1620 akaingiza 06° 16.20'. Mshale ukampeleka kilomita 12 kusini, baharini upande wa Chumbe, naye amesimama Forodhani hajui aende vipi. Mwengine alisahau kubadilisha N kuwa S. Sisi tuko kusini ya ikweta. Kwa namba hizo hizo upande wa kaskazini unaangukia Ethiopia.

Tarakimu ya mwisho ya dakika, ile ya tatu baada ya nukta, ina thamani ya pungufu kidogo ya mita 2. Kwa hiyo usiikate kwa uvivu.

2. Kutafuta, watu wakikuona

Ukifika kama mita 10 kutoka kwenye namba, iache mashine. Itakuzungusha bure, maana ndiyo kiwango chake cha kukosea. Sasa tumia macho: jiwe lililowekwa na mkono, magome yaliyopangwa, tundu lililozibwa vizuri mno.

Wenzetu wa nje wana desturi ya kutafuta kwa kujificha, wapita njia wasijue. Wapita njia hao wamewapa hata jina, mugli. Hapa kwetu desturi hiyo iache huko huko. Mtu anayezunguka ukuta wa watu, anaangaza huku na huku, kisha anainama kushika kitu, anatia watu wasiwasi, na wana haki. Kijijini hakuna asiyeonekana. Salimu. Mama wa makamo aliwahi kuniuliza pale Jambiani, nami nimechuchumaa kwenye mawe, "Baba, wataka nini hapo?" Nilimpa shikamoo, nikamuonesha mashine, nikamueleza kuwa kuna kibweta kimefichwa na mtu kwa ruhusa. Akaniambia, "Kile cha kijani? Kipo upande wa pili huko, watoto wamekichezea jana." Angenifukuza kama ningejifanya simuoni.

Kwenye fukwe za Paje, Bwejuu na Jambiani usikate njia juu ya mashamba ya mwani. Zile kamba na vigingi ni kazi ya mtu, na wenyewe wengi ni kina mama wanaoingia nazo maji yakitoka. Zunguka hata kama mshale unanyoosha moja kwa moja. Wakati wa sala usiwe unapekua ukuta wa msikiti wala barazani mwake, na ukiingia vijijini vaa nguo za kukusitiri.

Ukilipata bweta lifungue taratibu, ulishike juu ya kofia au kanga ili kisianguke kitu. Andika tarehe na jina kwa penseli. Wino wa kalamu hutambaa karatasi ikipata unyevu, na hapa kila kitu kinapata unyevu. Ukichukua kitu, acha chenye thamani ile ile au zaidi. Ukikuta kitu chenye kibati na namba za kufuatilia, hicho ni msafiri: huna haki ya kukiweka kabatini kwako, kazi yako ni kukipeleka kwenye bweta jengine na kutangaza kuwa umekihamisha. Kisha rudisha bweta lilivyokuwa, na jiwe lake lilivyolala.

3. Ukitaka kuficha, anza kwa sheha

Bweta langu la kwanza nililitia katika pango dogo la maweni, mashariki ya Unguja. Niliona mawe matupu, kichaka, nyumba hakuna; nikajiambia ardhi hii haina mwenyewe. Haikupita wiki nikapigiwa simu kwa namba niliyoiandika ndani ya kifuniko. Alikuwa sheha, msimamizi wa serikali katika eneo lile, bweta liko mezani kwake.

Nilipofika nilimkuta amekaa na mzee mmoja. Mzee hakupandisha sauti. Alinisogezea bweta langu, akaniuliza, "Mwanangu, kwenu mtu huingia chumbani kwa watu, akaacha sanduku lake, akenda zake?" Nikasema la. "Basi pale ndipo bibi zetu walipokuwa wakienda na shida zao. Nyumba hapana, lakini wenyewe wapo." Nilimuomba radhi, na aibu ile ninayo mpaka leo. Sheha akaniambia ningebisha hodi mwanzo wangenionesha pahala pazuri zaidi, na kweli walinionesha: shina la mkungu, kando ya njia ya ng'ombe iteremkayo pwani. Bweta lilikaa pale miaka, na watoto wa kijiji ndio waliokuwa walinzi wake.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa sheha wa shehia husika ukiwa na bweta mkononi, tupu na wazi, umuoneshe. Mueleze mchezo kwa maneno machache, umuulize ardhi ni ya nani: ya mtu, ya wakfu, ya hoteli, ya serikali. Kisha nenda kwa huyo mwenyewe. Usiende kwa mwenyewe ukamruka sheha, wala usiende kwa sheha ukamruka mwenyewe. Jina na namba ya simu yako ziandikwe nje ya bweta, pamoja na neno kwamba ni mchezo na hakuna kitu cha hatari. Kisanduku kisicho na maelezo, kimebanwa ukutani, kinaweza kuleta taharuki ya bure.

Yapo pahala ambapo usiombe kabisa. Misikiti, makaburi, pahala pa mizimu, kambi, bandari, uwanja wa ndege, viwanja vya skuli. Magofu nayo usiyaguse. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kuta za zama hizo, na za Pujini na Ras Mkumbuu kule Pemba, hazihitaji mtu atie kidole kwenye nyufa zake akitafuta kikopo. Mchezo una njia nyengine kwa sehemu kama hizi: mtafutaji anapelekwa kwanza kwenye gofu, anasoma mwaka au anahesabu kitu kinachoonekana na kila mtu, na hesabu hiyo ndiyo inayompa namba za bweta lililoko kwengine, mbali na ukuta wa kale. Jozani ni hifadhi ya taifa. Huko uliza ofisini, na usimtoe mtu njiani akaingia msituni kuwasumbua kima punju. Msitu wa Ngezi kule Pemba vivyo hivyo.

Kanuni za mchezo zenyewe zinataka mabweta yasikaribiane chini ya mita 161, na yasifukiwe ardhini kwa kuchimba. Usipigilie msumari kwenye mti. Mkarafuu wa mtu ni chakula cha watoto wake.

4. Jihadhari na maji

Bamvu, yaani maji makubwa, hapa hupandisha na kushusha maji kiasi cha mita 4. Pango ulilolikuta kavu wakati wa maji mafu litajaa mwezi ukiandama au ukipevuka. Angalia mstari wa mwani mkavu na makapi yaliyoachwa na maji, kisha panda juu yake zaidi. Na uliza mvuvi. Pia andika katika tangazo lako kama njia hupitika maji yakitoka tu, ili mtu asije akazuiliwa upande wa pili wa mkono wa bahari.

5. Bweta na vilivyomo

Mkebe wa siagi haufai, kifuniko chake hakizibi. Tafuta kisanduku cha plastiki ngumu chenye mpira kwenye ukingo na vibanio pande zote nne. Kijaribu nyumbani: tia karatasi kavu, kizamishe katika ndoo ya maji usiku kucha ukikiwekea jiwe juu. Asubuhi karatasi ikiwa na alama hata ndogo ya maji, tafuta chengine.

Usitie chakula wala kitu chenye harufu. Najua karafuu na mdalasini ni zawadi nzuri za kwetu, na mgeni angefurahi, lakini panya, komba na siafu watafika kabla yake. Makombe na simbi yaache baharini. Zilizo nzuri ni shanga, sarafu za zamani, stempu, kadi uliyoichora mwenyewe, kipande cha pindo la kanga kilichokatwa pamoja na jina lake, yaani yale maneno yake. Hicho cha mwisho nimekitia mara nyingi na kila mara kinachukuliwa cha kwanza.

6. Nyimbo na filamu za kunakili

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wema wanapokosea bila kujua.

Miaka ile ya CD, mabweta yalikuwa yanajaa diski za kuchoma nyumbani, jina limeandikwa kwa kalamu nene. Sasa ni flashi na kadi za simu zilizorushiwa nyimbo mia mbili. Anayeziacha ana nia njema, anataka mgeni aondoke na taarab ya Zanzibar. Lakini fikiri taarab yenyewe inavyokwenda. Muimbaji yuko mbele na fidla ziko nyuma yake. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda polepole hadi pale alipo, unamtunza noti mkononi. Mchezo mzima wa kusikiliza umejengwa juu ya kutunza. Ikhwani Safaa ni kikundi cha tangu 1905, na kimefika hapa kwa watu kutoa. Diski ya kunakili inachukua wimbo, na mkono wa muimbaji unabaki mtupu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, tofauti na ile ya Bara ya 1999, na ina ofisi yake, COSOZA. Hata bila sheria, mwenye wimbo hukumpigia hodi.

Kuna na madhara kwa anayepokea. Joto la ndani ya bweta lililopigwa na jua huipinda diski. Flashi ni mbaya zaidi. Niliokota moja katika bweta, nikaichomeka kwenye kompyuta ya rafiki yangu ya kazini ili nione tu kilichomo, na virusi vikaficha mafaili yake yote. Tulimaliza siku mbili tukiyarejesha, na mawili ya wateja hayakurudi. Tangu hapo sichomeki kitu nilichookota, na wewe usichomeke. Ukikiona ndani ya bweta, kitoe, mjulishe mwenye bweta.

Ukitaka kumpa mgeni sauti ya kwetu, ziko njia. Nunua diski halali, uiache ikiwa na karatasi yake. Au andika kwenye kadi jina la kikundi na pahala wanapopiga, mgeni aende mwenyewe akatunze. Au rekodi kitu ambacho ni chako: wimbi la pwani ya Vumawimbi, Pemba, alfajiri, bibi yako akikusimulia hadithi, kwa idhini yake na jina lake limetajwa kama anataka litajwe. Hiyo nayo usiiache kwenye flashi. Iweke mtandaoni, uandike anwani yake kwenye kadi, msikilizaji achague mwenyewe.

7. Kupima pahala ulipoficha

Usipime mara moja ukaondoka. Weka mashine juu ya bweta, iache itulie dakika kadhaa. Nyingi zina kazi ya kuchukua wastani, itumie. Rudi siku nyengine, saa nyengine, upime tena, kwa sababu satelaiti zinakuwa zimebadilisha mpangilio. Mwisho ondoka mita 50, uifuate mashine kama mgeni, uone inakufikisha wapi.

Mji Mkongwe ni taabu. Vichochoro ni vyembamba, kuta za mawe ni ndefu, na mawimbi ya satelaiti hugonga ukuta kabla ya kukufikia. Mashine inakuonesha uko ndani ya nyumba ya watu au mtaa wa pili. Huko chukua kipimo kwenye uwanja au njia panda iliyo wazi, kisha umuongoze mtafutaji kwa maneno: kutoka hapa, hatua 30, upande wa mkono wa kulia. Na maneno hayo yasimpeleke kwenye mlango wa mtu. Mlango wa nakshi ni mzuri kuutazama, lakini nyuma yake kuna familia.

8. Ramani ndani ya mashine, na ramani unayoichora wewe

Mashine mpya ya mkononi mara nyingi huja na ramani ya dunia isiyo na chochote cha maana kwetu: kisiwa na barabara mbili tatu. Watu hutafutana wapeane ramani za kulipia kutoka kwenye kadi ya mwengine. Ni kosa lile lile la diski ya taarab. Isitoshe, ramani hizo hufungwa kwa mashine moja, na mara nyingi hazifunguki kwa pili.

Huna haja nayo. Ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004, ni ya kila mtu. Sharti lake ni kuwataja wachangiaji wake unapoitumia. Kwa mashine za Garmin, pakua ramani ya Tanzania iliyokwisha kubadilishwa kuwa faili la gmapsupp.img, ulitie katika folda iitwayo Garmin kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, uwashe mashine. Namba za mabweta zinakuja kama mafaili ya GPX; hayo yanakwenda kwenye folda ya GPX iliyo ndani ya folda ya Garmin.

Kisha ichangie. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba nzima kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walikuwamo katika kuzirusha. Picha zile zinaonesha mapaa vizuri sana. Zisichoonesha ni njia iliyo chini ya mikarafuu, wala njia ya maji ndani ya mikoko, wala jina la kitu chochote. Hayo yanataka mtu anayetembea. Iwashe mashine irekodi njia, kipimo kila mita 5, uitundike begani inakoona mbingu. Kila njia panda, kisima, msikiti, skuli au diko la wavuvi, weka nukta na uandike kwenye daftari ni nini. Jioni yahamishie kwenye ramani.

Majina ndiyo kazi yenyewe. Usinakili kutoka ramani ya kampuni nyengine, OpenStreetMap hairuhusu. Uliza. Uliza watu wawili au watatu, mmoja awe mkubwa wa umri, na mwengine awe wa kike, maana majina ya visima na ya pwani ya chaza na pweza kina mama wanayajua zaidi. Changuu ilikuwa Changuu kabla ya watalii kuiita kwa jina la jela yake, na fukwe nyingi za mashariki sasa zinajulikana kwa jina la hoteli, na la kijiji linafifia. Andika la kijiji. Taja na shehia, kwa sababu Chwaka ipo Unguja na ipo Pemba karibu na Tumbe, na anayetafuta Kizimkazi anahitaji kujua ni Mkunguni au Dimbani.

Yako mambo ya kuyaacha nje ya ramani hata ukiyajua. Njia ya ndani ya ua wa mtu, pango la mzimu, viota vya kasa. Ukiambiwa na mwenyeji "hapo usiandike", futa nukta mbele yake aone.

9. Ulezi

Mgeni wa wiki moja asifiche bweta. Akitaka sana, apate mwenyeji atakayekubali kulilea, na jina la mlezi huyo liandikwe kwenye tangazo. Mlezi alitembelee baada ya masika, baada ya vuli, na baada ya kila bamvu kubwa ikiwa liko karibu na pwani. Achukue penseli, kidaftari kipya kilichofungwa katika mfuko mgumu, na kitambaa cha kukaushia. Kidaftari kilichojaa asikitupe, majina yale yana wenyewe.

Ukiamua kuliondoa, lichukue lote pamoja na uzi wake, rudisha mawe yalikokuwa, funga tangazo lake. Kisha pita kwa sheha umwambie limeondoka.